Cisco Catalyst 2960-X: tathmini ya swichi iliyotumika kwa upande wa ulinzi wa poti

Catalyst 2960-X, ambayo Cisco iliitoa mwaka 2013 na ambayo kampuni hiyo haiiuzi tena ikiwa mpya, bado ni miongoni mwa swichi zinazopatikana kwa wingi katika soko la vifaa vya mtandao vilivyokwisha kutumika, na mara nyingi ndiyo anayopendekezewa mwenye shule, zahanati au ofisi ya ghorofa mbili anayetaka kuachana na swichi ndogo zisizosimamiwa. Wauzaji huisifia kwa idadi ya poti, kwa kasi ya gigabiti moja katika kila poti, na kwa jina lililoandikwa mbele yake. Mimi nimeitazama kwa jambo moja tu ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni zile kinga zinazoambatana na itifaki ya STP (Spanning Tree Protocol, inayozuia mizunguko katika mtandao), ambazo ndizo zinazoamua kama kebo moja iliyochomekwa mahali pasipofaa itazima poti moja au itazima jengo zima. Niliyoifanyia kazi ni ya poti 24, yenye leseni ya LAN Base (ngazi ya uwezo ulioruhusiwa katika swichi) na programu endeshi ya IOS 15.2.

Tatizo lenyewe ni la kale na ni rahisi kulieleza. Pakiti ya IP hubeba hesabu inayopungua kila inapovuka ruta, hivyo hata ikipotea njia itakufa yenyewe. Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kati ya swichi, haina hesabu ya namna hiyo. Ukiwapo mzunguko kati ya swichi mbili, au kebo moja iliyotoka kwenye tundu la ukutani na kurudi kwenye tundu la jirani, fremu ya matangazo (broadcast, inayotumwa kwa kila kifaa) itazunguka bila kikomo huku ikinakiliwa kila inapopita, na katika muda mfupi sana swichi hazitakuwa na nafasi ya kupitisha kitu kingine chochote. Radia Perlman alibuni dawa ya jambo hili mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya DEC, na IEEE, shirika la viwango vya uhandisi, ikaifanya kuwa kiwango cha 802.1D mwaka 1990: swichi hupelekeana ujumbe mdogo uitwao BPDU kila baada ya sekunde 2, huchagua mmoja wao kuwa mzizi, kisha hufunga njia zote za ziada ili kati ya pointi mbili ibaki njia moja tu. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba unaamini kila BPDU inayoingia, kutoka poti yoyote, iliyotumwa na yeyote. Aidha, una mipaka yake. Mnamo Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ilipoteza mtandao wake kwa siku kadhaa na watumishi wake wakarudi kuandika kwenye karatasi, baada ya mtandao uliokuwa umekua kwa kuunganishwa vipande vipande kupita kina cha swichi 7 ambacho vipima muda vya kawaida vya STP vilikadiriwa kukihudumia.

Swichi hii inapotoka kiwandani, STP huwa imewashwa, na hilo ni jema. Lakini kinga zote zinazoizunguka huwa zimezimwa. PortFast, inayoitangaza poti kuwa ya kompyuta na si ya swichi, imezimwa, BPDU Guard imezimwa, Root Guard na Loop Guard vilevile; kila moja nitaieleza mahali pake. Mnunuzi anayeichomeka na kuanza kuitumia bila kuigusa anapata kifaa kinachovunja mizunguko kwa njia ya kawaida, huku kikikubali kwamba mtu yeyote aliyekaa kwenye meza ya mapokezi anaweza, kwa makusudi au kwa kutojua, kubadili umbo la mtandao wote. Naelewa kwa nini Cisco walifanya hivyo, kwa sababu kiwanda hakiwezi kujua ni poti ipi itakayokwenda kwa kompyuta na ipi itakayokwenda kwa swichi nyingine. Hata hivyo, kwa kifaa kinachouzwa kwa kazi ya kuhudumia poti za watumiaji, ningetarajia angalau swali moja katika hatua za usanidi wa mwanzo.

Dalili ya kwanza ambayo mtumiaji huiona haina uhusiano wowote na usalama. Kompyuta inapochomekwa kwenye poti isiyo na PortFast, poti hupitia hatua ya kusikiliza kwa sekunde 15 na hatua ya kujifunza kwa sekunde nyingine 15 kabla ya kupitisha data, na katika nusu dakika hiyo kompyuta inaweza kuwa imekwisha kukata tamaa ya kupewa anwani na DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao. Wengi hudhani kwamba kuhamia Rapid PVST+, aina ya STP ya Cisco yenye kasi zaidi, peke yake kunamaliza tatizo hili, lakini sivyo: makubaliano ya haraka ya itifaki hiyo hufanyika kati ya swichi na swichi, na kompyuta haiwezi kujibu pendekezo la swichi, kwa hiyo poti ambayo haijatangazwa kuwa ya ukingoni itasubiri sekunde zilezile 30. PortFast ndiyo inayoondoa kusubiri huko. Hapo ndipo BPDU Guard inapokuwa ya lazima, kwa kuwa poti inayoruka hatua za kusikiliza na kujifunza inaweza kukamilisha mzunguko kabla swichi haijapata nafasi ya kutambua kilichotokea.

BPDU Guard ndiyo sababu kubwa ya kuinunua swichi hii, na katika majaribio yangu ilifanya kazi bila kusita. Kanuni yake ni moja: poti ya mtumiaji haitarajiwi kupokea BPDU hata moja, na ikiipokea, poti inazimwa papo hapo na kuwekwa katika hali ya err-disabled. Nilipochomeka swichi nyingine inayozungumza STP kwenye poti iliyolindwa, poti ilizimika na kumbukumbu za matukio zikaandika mstari wenye alama ya SPANTREE-2-BLOCK_BPDUGUARD pamoja na jina la poti husika, ukifuatwa na mwingine wa PM-4-ERR_DISABLE unaotaja sababu. Ujumbe huo ni mfupi, unaeleweka, na unataja poti kwa namba yake. Fundi aliye mbali anayepokea kumbukumbu hizo kwenye seva ya syslog anajua aanzie wapi kabla hajapanda gari. Kwangu mimi, ubora wa ujumbe wa kosa ni sehemu ya ubora wa kifaa, na kwa hili 2960-X inapata alama za juu.

Jaribio lenye manufaa zaidi kwa mazingira yetu ni lile la swichi ndogo ya poti 5 isiyosimamiwa, ile ambayo mfanyakazi hujinunulia akaiweka chini ya meza kwa sababu matundu ya ukutani hayatoshi. Swichi hiyo haina STP na haitoi BPDU yake yenyewe, kwa hiyo ikichomekwa vizuri BPDU Guard haitasema kitu, na mtu aliyedhani kwamba kinga hii inazuia swichi zisizoidhinishwa atakuwa ameitarajia zaidi ya uwezo wake. Kazi hiyo ni ya port-security, inayoweka kikomo cha idadi ya anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) katika poti. Mambo hubadilika pale mtu anapochomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi hiyo ndogo, au anapoiunganisha na matundu mawili ya ukutani. BPDU iliyotoka kwenye 2960-X hupitishwa na swichi ndogo kama fremu nyingine yoyote, hurudi ilikotoka, na poti hujizima. Kwa matundu mawili, inatosha poti moja kuzimika ili mzunguko ukatike. Ila ijulikane kwamba zipo swichi za bei nafuu zinazomeza fremu za anwani ya 01:80:C2:00:00:00, ambako BPDU hutumwa, kama kiwango chenyewe kinavyotaka, badala ya kuzipitisha, na mbele ya hizo BPDU Guard ni kipofu. Ndiyo maana sipendi kuiacha peke yake. Amri ya storm-control, inayoweka kikomo cha kiasi cha matangazo yanayoweza kuingia katika poti, inapatikana katika swichi hii na inafaa iwekwe katika kila poti ya mtumiaji kama ukuta wa pili.

Simu za mezani za IP zinastahili kutajwa hapa, kwa kuwa zina matundu mawili nyuma, moja la kwenda ukutani na jingine la kompyuta, na msafishaji aliyeihamisha meza huweza kuyachomeka yote mawili ukutani akiamini amerudisha mambo yalivyokuwa. Mara nyingi simu hupitisha BPDU kutoka tundu moja kwenda jingine, na kinga inaukata mzunguko huo kama inavyoukata ule wa swichi ndogo.

Kuhusu namna ya kuiwasha, kuna njia mbili, na tofauti yake si ya mtindo. Amri ya jumla, spanning-tree portfast bpduguard default, huzilinda poti zile tu ambazo PortFast inafanya kazi ndani yake, na katika matoleo mapya ya IOS neno edge huongezwa baada ya portfast. Amri ya poti yenyewe, spanning-tree bpduguard enable, huilinda poti hiyo iwe ina PortFast au haina. Ninapendelea ya jumla kwa sababu poti atakayoiongeza fundi mwingine mwaka ujao itarithi kinga bila yeye kukumbuka chochote, mradi tu ameweka PortFast, jambo ambalo atalifanya kwa vyovyote kwa kuwa watumiaji watamlalamikia asipolifanya.

Poti ikishazimwa, hubaki imezimwa mpaka mtu aingie na kuiwasha, kwa kuwa urejeshaji wa kiotomatiki nao umezimwa kiwandani. Ukiwasha errdisable recovery cause bpduguard, swichi itajaribu kuirudisha poti baada ya sekunde 300, na kama kebo mbaya bado ipo, itaizima tena. Mafundi hugawanyika juu ya hili. Wapo wanaosema poti iliyozimwa ni ushahidi na haifai kurudi kabla mtu hajaenda kuona; nakubaliana nao pale ambapo fundi yuko jengo hilohilo. Kwa shule iliyo mbali na mji, ambayo fundi wake huja anapoitwa, kukiacha chumba cha kompyuta bila mtandao kwa wiki kwa sababu ya mwanafunzi aliyecheza na kebo ni adhabu iliyopita kosa, na dakika tano ni muda unaostahimilika. Amri ya show interfaces status err-disabled huonyesha poti zote zilizozimwa na sababu yake katika jedwali moja, na hiyo nayo ni sifa ambayo swichi nyingi za bei ya chini hazina.

Sasa niseme juu ya kitu ambacho, kwa maoni yangu, hakikupaswa kuwekwa karibu na BPDU Guard wala kufanana nayo kwa jina. BPDU Filter, ikiwashwa ndani ya poti, huifanya poti isitume BPDU na isizisikilize zinazoingia, na matokeo yake ni sawa na kuiondoa STP kabisa katika poti hiyo. Baya zaidi, poti ikiwa na vyote viwili, Filter hutangulia: BPDU inatupwa kabla Guard haijaiona, na msimamizi anayesoma usanidi wake ataona mstari wa bpduguard enable na kulala usingizi wa pono, ilhali poti iko wazi. Amri ileile ikitolewa kwa jumla badala ya ndani ya poti hutenda kwa namna tofauti, kwa kuwa poti hutuma BPDU chache inapowaka, na ikipokea moja hupoteza PortFast na kuacha kuchuja, ikarudi kuwa poti ya kawaida ya STP. Kwamba neno moja lina tabia mbili zinazokaribia kupingana kulingana na mahali lilipoandikwa ni kasoro ya usanifu, na miaka yote ambayo Cisco imekuwa ikiieleza katika miongozo yake haiondoi kasoro hiyo. Yapo matumizi halali, hasa pale mtandao wako unapokutana na wa mtoa huduma na hakuna upande unaotaka kuona STP ya mwingine. Nje ya hapo, sijaona sababu ya kuigusa.

Root Guard hutatua swali tofauti, nalo ni nani anaruhusiwa kuwa mzizi. STP huchagua swichi yenye kipaumbele kidogo zaidi kwa namba, na kwa kuwa zote hutoka kiwandani na 32768, sare huamuliwa na anwani ndogo zaidi ya MAC, ambayo mara nyingi ni ya kifaa cha zamani zaidi. Matokeo yake ni ya kuchekesha mpaka yakukute: swichi chakavu iliyoletwa kutoka stoo kuziba pengo inaweza kuwa kitovu cha mtandao wote, na trafiki ikaanza kupitia kwenye kebo yake ya megabiti 100. Hatua ya kwanza ni kuipa swichi ya katikati kipaumbele cha 4096, kwa kuwa namba hizi hupanda kwa hatua za 4096. Ya pili ni Root Guard katika poti zinazoelekea chini, ambayo ikipokea BPDU inayodai ubora kuliko mzizi uliopo huifunga poti katika hali ya root-inconsistent, na madai hayo yakikoma poti hufunguka yenyewe bila mtu kuitwa. Mahali pake ni swichi ya katikati, kwa hiyo kama 2960-X yako iko mwisho wa mstari hutakuwa na haja nayo; kama umeifanya kuwa ya katikati, kama ofisi ndogo nyingi zinavyofanya, iweke bila kusita.

Loop Guard na UDLD ni za viungo vya faiba kati ya jengo na jengo. Uzi mmoja wa faiba ukikatika na mwingine ukabaki mzima, poti iliyokuwa imefungwa itaacha kusikia BPDU, itadhani jirani ameondoka, na itajifungua, ikaunda mzunguko uleule iliowekwa kuuzuia. Loop Guard huikataza kujifungua. UDLD hugundua kwamba mawasiliano yanakwenda upande mmoja tu, ila inahitaji kuwashwa kwenye swichi za pande zote mbili. Loop Guard na Root Guard haziwezi kuishi katika poti moja, na swichi itaiondoa ya kwanza ukiweka ya pili, jambo ambalo ni la busara kwa kuwa moja ni ya poti zinazotazama juu na nyingine ni ya zinazotazama chini.

Kasoro moja ya maumbile, ambayo mwenye mtandao mdogo hataiona kamwe, ni kikomo cha nakala 128 za STP katika leseni ya LAN Base. PVST+ huendesha mti mmoja kwa kila VLAN (mtandao pepe uliotengwa ndani ya swichi), na VLAN zinazozidi idadi hiyo hubaki bila STP kabisa. Kinga zote nilizozieleza hazina maana katika VLAN ambayo STP yenyewe haipo. Dawa yake ni MST, inayokusanya VLAN nyingi katika miti michache, nayo inapatikana katika swichi hii.

Mshindani wake wa kweli katika soko letu ni MikroTik CRS326-24G-2S+, ambayo hupatikana ikiwa mpya na ambayo mafundi wengi wa watoa huduma za intaneti wanaijua kwa moyo. RSTP, yaani STP ya haraka, huwa imewashwa katika daraja lake (bridge, sehemu inayounganisha poti) kwa mpangilio wa kawaida, ina bpdu-guard kwa kila poti, ina restricted-role inayofanya kazi inayokaribiana na ya Root Guard, na ina loop-protect, ambayo hutuma fremu zake yenyewe kila sekunde 5 na kuizima poti kwa dakika 5 fremu hizo zikirudi. Hiyo ya mwisho ninaipenda kwa sababu haitegemei BPDU, na hivyo huweza kugundua mzunguko uliopitia swichi ndogo inayozimeza BPDU. Upungufu wake ni kwamba bpdu-guard ikishaizima poti, msimamizi lazima aizime na kuiwasha mwenyewe, na kwamba haizungumzi PVST+. Ukiziunganisha MikroTik na Catalyst zitaelewana kupitia VLAN 1 peke yake, kwa hiyo mwenye kuchanganya aina hizo mbili afikirie MST tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa ununuzi, angalia herufi za mwisho za jina la modeli: zinazoishia LL ni za leseni ya LAN Lite, zina uwezo mdogo wa VLAN na haziunganishwi kuwa rundo moja, hata kama muuzaji atakuambia ni kitu kilekile. Omba swichi iwashwe mbele yako kwa konsoli (kebo ya kuisimamia moja kwa moja) ili usikie feni na uone show version. Ukifika nayo kazini, futa startup-config (usanidi uliohifadhiwa) pamoja na faili la vlan.dat (orodha ya VLAN) kabla ya kuichomeka popote, kwa maana swichi za mitumba huja na mipangilio ya wenyeji wake wa zamani, na mstari wa bpdufilter enable uliosalia katika poti ya 24 hautaonyesha dalili yoyote mpaka siku kebo isiyofaa itakapoingia hapo. Toleo la programu endeshi nalo liangaliwe, kwa kuwa bila mkataba na Cisco si rahisi kulipata jipya, na bei nafuu ya sanduku imezingatia hilo tayari. Kwa ofisi yenye VLAN kumi na fundi mmoja anayejua kutumia konsoli, ningeinunua tena. Kwa ofisi isiyo na fundi wa namna hiyo, ningewaelekeza kwenye MikroTik yenye loop-protect iliyowashwa katika kila poti.